Mla Maneno wa Sakina

Sukari ilikuwa imekwisha nyumbani kwa Anande, na kwa kuwa aliamka amechoka kama alivyolala, hakujisumbua kwenda dukani. Alimimina chai hivyo hivyo. Mumewe, Abdiel, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Mama Hope, leo sukari umeizidisha."

Anande akadhani anataniwa. Akaonja. Chai ilikuwa tamu kweli, utamu mzito unaoganda nyuma ya ulimi, na ndani yake kuna ladha ya sarafu. Akaonja maji ya ndooni, nayo matamu. Akalamba kidole chake mwenyewe, nacho kitamu. Mtu mwenye nguvu zake angeshtuka hapo. Yeye alisema moyoni, kama tamu na iwe tamu, akajitwika beseni lake la nyanya akaenda kwenye meza yake kando ya barabara ya Nairobi.

Hivyo ndivyo mgeni alivyopokelewa katika nyumba ile ya mtaa wa Sakina. Hakupiga hodi, na wenyeji hawakuwa na nguvu za kumuuliza ametoka wapi.

Abdiel alikuwa fundi umeme wa magari. Kazi zilipopungua alianza kukusanya betri mbovu kwa mafundi wenzake. Alizivunjia uani, akamwaga maji yake makali kwenye udongo, akatoa yale mabamba ya ndani na kuyayeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, mpaka ile metali ya risasi ikawa uji unaong'aa, akaimimina kwenye vikopo ikaganda vipande vya kuuza. Moshi wake ulikuwa mwembamba na haukuwasha sana macho, ndiyo maana haukuogopwa na mtu. Magamba ya betri hayakutupwa. Abdiel ni mtu wa Machame, na mtu wa Machame hatupi chombo kinachoshika maji; aliyapanga kando ya ukuta wakanywea kuku. Ovaroli lake lilifuliwa beseni moja na magauni ya mtoto, kwa sababu maji ya kufua hubebwa kichwani na mbebaji alikuwa mmoja.

Walioanza kuugua ni kuku. Walizunguka uani mbawa zimelegea na shingo zimepinda, wakizunguka duara lile lile kama waliofungwa kamba, kisha wakaanguka.

"Ni mdondo tu," Abdiel alisema.

Paka naye akafa, na paka haugui mdondo, lakini hilo hawakulizungumza.

Kisha ikaja zamu ya Hope, mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka minne, na majirani walimwita Redio, maana aliamka akisema na alilala akisema. Maneno yakaanza kumpungua. Kwanza lilipotea neno kijiko, akawa anakionyesha kwa kidole. Yakafuata majina ya watoto wenzake, kisha nyimbo za Shule ya Jumapili. Yaliondoka moja moja, kama vyombo vinavyoazimwa na jirani asiyerudisha. Tumbo lake likawa gumu, akawa analia akienda haja, na akiachwa peke yake alibandua chokaa ya ukuta akaila kwa hamu. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Minyoo haikutoka hata mmoja.

Abdiel mwenyewe viganja vilianza kuning'inia, spana zikimponyoka. Alikuwa mkali bila sababu, halafu anasahau kilichomkasirisha. Siku moja alipopiga mwayo, Anande akaona ufizi wake una mstari wa buluu kando ya meno, kana kwamba mtu ameupitishia kalamu mle kinywani.

"Baba Hope, hiyo ni nini?"

"Nini?"

"Basi, acha tu."

Mwishowe mtoto alibakiwa na neno moja, nalo ni mama. Anande alililinda neno lile kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki. Kila akirudi kutoka kwenye nyanya, miguu imevimba, alipiga magoti mbele ya Hope na kumwambia, "Niite." Mtoto angehangaika kwanza, midomo ikitafuta, halafu angeita. Hapo ndipo Anande alipopata nguvu ya kupika.

Ilikuwa adhuhuri ya jua kali, mlima Meru umesimama wazi bila wingu. Hope alikuwa amelala chumbani, Abdiel yuko gereji. Anande alirudi kuchukua khanga, akakuta nyumba ina harufu ya chuma cha moto, ingawa jiko lilikuwa baridi. Akasimama. Huko uani palikuwa na sauti ya kulamba, taratibu, kwa raha, kama ng'ombe anavyolamba chumvi ya jiwe. Alidhani ni Hope ameamka akaenda ukutani, akachungulia chumbani ili ahakikishe, na Hope alikuwa kitandani, mkono chini ya shavu, analala. Anande akatamani akae chini, lakini sauti ile ilikuwa inaendelea, na yeye ni mama mwenye nyumba na hakuna mwingine wa kwenda kutazama, basi akaenda, akiushika ukuta wa korido, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, na uani hapakuwa na mtu wala mnyama, palikuwa na jua na magamba ya betri na udongo mweusi uliolowa, na pale ukutani, kwa kimo cha mtu mzima aliyepiga magoti, chokaa ilikuwa imelambwa ikaisha, bado ina mate, yanachuruzika, na alipokuwa akiyatazama yale mate yakichuruzika, chini ya miguu yake, ndani ya udongo, sauti ya Hope ikasema, "Mama."

Akakimbilia chumbani. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, kinywa wazi, anasukuma pumzi. Neno halikutoka. Anande alimkumbatia mpaka Abdiel aliporudi, na Abdiel alipomuuliza kuna nini alilia tu, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu alichokuwa nacho kilikuwa kimechukuliwa.

Walimpeleka hospitali kubwa mjini. Daktari akapima damu, akawaita ndani, akafunga mlango.

"Baba, unafanya kazi gani?"

Abdiel akamweleza. Daktari akashusha pumzi.

"Damu ya mtoto imejaa sumu ya risasi. Ya kwenu nyinyi pia, nina hakika. Kazi hiyo iishe leo. Hizo nguo zisiingie ndani. Na udongo wa uani uondolewe wote."

Hawakuishia hapo. Anande hakuwa amemwambia daktari kuhusu sauti, maana kuna mambo hayasemeki kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Alikwenda kuyasema kwa Koko Naisula, bibi wa Kiarusha aliyehamia Sombetini kutoka vijiji vya magharibi ya Meru. Ujanani mwake Koko aliingiwa na pepo, akagaragara mpaka alipobatizwa, na tangu hapo amekuwa akiwatolea wengine pepo zao. Kanisa lake la Kilutheri linajua na linajifanya halijui.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Akasikiliza yote bila kukatiza. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mumeo anamvua mgeni huyo kila jioni, wewe unamfua, na mtoto anavalishwa."

Alikuja saa za alasiri na kibuyu cha maziwa. Aliketi uani kwenye kigoda, miguu yake ya kizee imemuuma njia nzima, akachovya fungu la nyasi mbichi kwenye maziwa akanyunyiza ukuta na udongo. Maziwa yalipogusa udongo yaliganda papo hapo, yakawa mabonge. Ile harufu ya chuma ikapanda. Abdiel akarudi nyuma hadi mlangoni. Anande alikuwa amempakata Hope, na alihisi kifua cha mtoto kikitetemeka kwa sauti ambayo haikuwa ikitoka humo, ilikuwa ikitoka chini.

"Nani kakuleta hapa?" Koko aliuliza kwa upole, kama anaongea na mkwe.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Hope, safi kabisa. "Nilikuwa kwenye masanduku meusi. Akayavunja, akanichemsha."

Abdiel akajifunika uso.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nimezoea tu hapa."

"Unakula nini?"

"Maneno. Ya wadogo ni laini."

Koko akaomba. Aliomba kwa Kimaasai, akaomba kwa Kiswahili, akaimba, akanyamaza, akaomba tena. Jua likashuka. Sauti ile haikubishana. Kila alipoiambia itoke iliomba ipumzike kidogo kwanza. Mzee wa watu alichoka. Maziwa yalikuwa yamebaki kidogo.

"Kwa jina la Yesu, toka!"

"Nitoke na nilivyokula?"

"Toka tu," Koko akasema, amefumba macho. "Toka na vyako vyote, utuache."

Ardhi ikatulia. Harufu ikaondoka. Koko akainuka kwa kushikwa mkono, akasema udongo ule uchimbwe mpaka wakutane na mwekundu. Daktari alisema ni risasi na Koko alisema ni jini, na wote wawili waliagiza koleo lile lile.

Abdiel akachimba kwa viganja vyake vibovu, akisaidiwa na vibarua. Ephraimu, mwenye tipa, rafiki yake wa gereji, akauchukua udongo wote pamoja na magamba ya betri. Alielekezwa aumwage mbali, kwenye machimbo ya zamani ya kokoto ambako hakuna makazi.

Chai ikarudi kuwa chungu. Tumbo la Hope likalainika, akaacha kula ukuta, akaanza kukimbia na watoto wa jirani. Lakini alikimbia kimya. Alicheka kimya. Anande alipopiga magoti na kusema "Niite," mtoto alimpapasa midomo, kisha akaenda zake.

"Tumezuia isiendelee," daktari alisema. "Ila kilichokwisha kuharibika, mama, siwezi kukuahidi kwamba kitarudi."

Koko Naisula naye alikuja akakaa jikoni, akalia bila kujificha. "Nilikosea, mwanangu. Ningemwambia atapike kwanza. Nilichoka, nikamwambia aende na vyake vyote, naye akaenda navyo."

Anande hakuwa na hasira naye. Hasira nayo inataka nguvu.

Mvua zilikuja, zikaisha. Ephraimu alisimamisha tipa lake mbele ya meza ya nyanya, akachagua zilizoiva.

"Shemeji, ule udongo wenu ulipata bahati. Nilikuwa nakwenda nao kule machimboni, nikapita Sombetini nikaona kibao, Kifusi Kinahitajika. Ni chekechea, uwanja wao ulikuwa shimo. Magamba nikayatupa kwingine, udongo nikawamwagia. Walimu walinishukuru sana."

Anande alimfungia nyanya zake. Kisha akafunika meza kwa turubai akaondoka, na njia nzima alikuwa akipanga maneno: mwalimu, watoeni watoto pale, mwalimu, ule udongo ni sumu.

Huko chekechea alikuta watoto wako mapumziko. Uwanja ulikuwa umesawazishwa vizuri, na wadogo wa sare za kijani walikuwa wameketi chini wakichezea vumbi. Mmoja alilamba kiganja, akatabasamu, akalamba tena. Mwalimu Fransiska, binti mchangamfu mwenye chaki kwenye vidole, akamjia.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

Anande akafungua kinywa aseme. Ndipo akasikia.

Ilitoka chini, pale penye miguu ya watoto. Hakikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya mtoto anayecheza peke yake, anaongea haraka, anataja kijiko na kikombe na nyota, anaimba nusu ya wimbo anaacha, anajicheka. Maneno yote yalikuwepo. Hakuna lililopungua. Kisha ikanyamaza, kama mtu aliyegeuka akaona mlangoni kuna mtu anayemjua.

"Mama," ikasema. "Mbona umechelewa?"

Machozi yakamjaa Anande. Alimtazama mtoto anayelamba kiganja. Alimwona vizuri sana. Siku chache tu, akajiambia. Hope aje akae hapo juu ya ile sauti, aokote maneno yaliyo yake. Akishayapata nitasema. Nitawaambia wote.

"Mama, uko sawa?" Mwalimu alimshika mkono. "Ulikuwa na shida gani?"

"Nilikuwa nauliza," Anande alisema, "kama mna nafasi. Nina mtoto wa kike, wa miaka minne."

"Nafasi ipo, mama. Anaongea vizuri?"

"Ataongea," Anande akasema. "Nitamleta Jumatatu."