Matone Yaliyomwagwa Nyuma ya Nyumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Evodie aliwasha mkaa katika jiko la mbabula uani, akapika uji wa mahindi, kisha akaingia chumbani kumsaidia mama yake kuvaa. Mama Florentine hakuweza tena kuinua mikono hadi kichwani. Kwa hiyo Evodie ndiye aliyemfunga kitambaa, akikizungusha kwa makini huku mama akichekacheka.

"Leo umenifunga kama bibi harusi," alisema mama.

"Jana ulisema kama mfuko wa makaa!"

"Jana njo ulinifunga vibaya. Leo umejua."

Wawili hao waliishi peke yao katika mtaa wa Kataki, mjini Kalemie. Zamani Mama Florentine aliuza sokoni mikebuka, samaki wa ziwani, akibeba beseni zito kichwani. Kisha mabega na mapaja yakaanza kulegea, na mabaka yakamtoka usoni. Hospitalini, Dokta Thérèse alimweleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ilikuwa imegeuka na kushambulia misuli na ngozi yake mwenyewe. Alimwandikia vidonge vya kuituliza kinga hiyo, pamoja na chupa ndogo ya matone ya vitamini D. Tena akamwonya: "Ujiepushe na jua kali, mama. Linaamsha ugonjwa katika ngozi."

Hakuna aliyelishika onyo hilo zaidi kuliko Evodie. Alitundika pazia zito dirishani. Kila mama alipotoka, alimshikia mwavuli. Naye ndiye aliyedondosha matone katika uji.

Siku moja Mwalimu Urbain alifundisha somo la afya. "Vitamini D," alisema, "ngozi yetu huitengeneza yenyewe inapopigwa na jua."

"Basi mimi nina vitamini za kuuza, mwalimu!" alidakia Rubens, ambaye kila siku alishinda uwanjani akicheza mpira. Darasa zima likaangua kicheko.

Evodie hakucheka. Kumbe alikuwa akimnywesha mama jua lile lile alilokatazwa! Alitamani kuuliza, lakini angelazimika kutaja ugonjwa wa mama mbele ya wenzake, na mtaani watu walikuwa tayari wakinong'ona kwamba Mama Florentine amerogwa.

Tangu siku hiyo aliyamwaga matone nyuma ya nyumba, kidogo kidogo, ili chupa ipungue kama kawaida.

"Umetia dawa?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Hakupenda kumdanganya, lakini aliamini kwamba alikuwa akimlinda.

Mvua zilianza na zikaisha. Badala ya kupata nguvu, mama alianza kuumwa mifupa ya miguu. Asubuhi moja alianguka uani, na Evodie hakuweza kumwinua mpaka majirani walipokuja.

Walirudi hospitalini. Dokta Thérèse alimpima mama nguvu za mikono na miguu, akakunja uso.

"Vidonge unakunywa, mama?"

"Nakunywa."

"Na matone?"

"Huyu mutoto wangu hasahau," alijibu mama, akiuweka mkono begani kwa Evodie kwa fahari.

Daktari alishusha pumzi. "Basi huenda ugonjwa wenyewe umezidi. Itabidi niongeze vidonge."

"Vile vinavyonivimbisha uso?"

"Ndivyo. Tena vikiwa vingi vinadhoofisha mifupa. Lakini tufanye nini?" Akachukua kalamu.

"Mama Dokta, usiandike!" Evodie alipaza sauti. "Matone hakuyanywa. Nilikuwa nikiyamwaga."

Mkono wa mama uliondoka begani. "Unasema nini, Evodie?"

"Ni vitamini ya jua, mama! Mwalimu alisema. Na jua linakuumiza. Niliogopa." Akaanza kulia.

Daktari aliweka kalamu chini, akamvuta karibu. "Sikiliza. Jua linaunguza ngozi ya mama na kuamsha ugonjwa. Jua hilo hilo huisaidia ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa na misuli yote huihitaji. Mama anakaa kivulini, basi ngozi yake haitengenezi ya kutosha. Matone yanampa kile anachokosa, bila kumwunguza. Ndani ya chupa hamna jua."

"Kwa hiyo mimi njo nilimwangusha?"

"Huenda upungufu huo umechangia. Tutapima damu. Nami nina kosa langu: niliwapa dawa bila kuwaeleza kazi yake."

Vipimo vilionyesha kwamba vitamini D ilikuwa imepungua sana. Daktari hakuongeza vidonge, ila alimrudisha mama kwenye matone. Nguvu hazikurudi kwa siku moja, wala ugonjwa wenyewe haukutoweka. Lakini maumivu yalipungua polepole, mpaka siku moja mama akainuka kitini bila kuvutwa na mtu, akasimama akiitazama miguu yake kwa mshangao. Evodie alimkimbilia, akamshika mkono.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Siku ile nilikasirika sana," alisema mama. "Kilichoniuma zaidi ni kwamba uliogopa peke yako, ndani ya nyumba tunayoishi wawili. Mwili huu ni wangu, Evodie. Ukiona jambo linalokutia hofu juu yake, uniambie mimi kwanza, hata kama unadhani nitahuzunika. Nisipokuwa na jibu, tutakwenda kuuliza pamoja. Ukinipenda kwa kunificha, nitawezaje kukusaidia unapokosea?"

"Nitakuambia, mama. Kila kitu."

"Vema. Sasa niachie mkono, nione kama nitafika mlangoni."

Evodie akauachia.