Upande wa Kushoto wa Kondoo

Kila asubuhi baada ya sala na chai, Zalena alimfungua kondoo dume na kumpeleka kwenye tuta la mfereji kula majani. Nyumba yao, kama nyumba nyingi za kijiji kile cha Guyana, ilisimama juu ya nguzo, na chini yake palikaa kila kitu: machela ya kupumzikia ya baba yake, Hanif, baiskeli, kuni na kondoo wawili. Yule mdogo walimweka wamchinje wenyewe siku ya Idi Kubwa. Yule mkubwa, mweupe mwenye shingo nene, alikwisha kuchaguliwa na Bi Kariman.

Bi Kariman alikuwa mjane mshona nguo, na maisha yake yote hakuwahi kuchinja udhia, yaani mnyama wa sadaka ya Idi. Mwaka huu alitaka achinje, kwa ajili yake na ya marehemu mumewe. Alikubaliana na Hanif kwamba atalipa siku ya kumchukua kondoo. Kila alipopita aliuliza, "Zalena, mjukuu wangu, mgeni wangu amekula?"

"Amekula, Bi Kariman, mpaka anacheua!"

Zalena alikuwa mchungaji mzuri, hilo tusimnyime. Ila siku moja wenzake walimwita kucheza kriketi, naye akamfunga kondoo kwenye seng'enge, mahali alipokatazwa. Aliporudi, jicho la kushoto la mnyama lilikuwa likitoka machozi na damu. Alilisafisha, akanyamaza. Damu ilikauka, lakini jicho likaingia utando mweupe, na kondoo akaanza kugonga nguzo kwa upande ule.

Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba kondoo mwenye chongo hafai kwa udhia. Zalena alijua. Alijua pia kwamba paa lao lilikuwa likivuja, na baba yake alikuwa akimngoja kondoo yule auzwe ili alitengeneze. Basi akaanza kusimama kushoto. Mtu akija, yeye kushoto. Kondoo akigeuka, naye anageuka, mkono begani kwake, kama rafiki wa kufa na kuzikana.

"Umeolewa na kondoo?" rafiki yake Nafiza alimcheka. "Twende madrasa, bwana. Maulana, mwalimu wetu, anakuulizia kila siku."

"Siwezi. Huyu ana tabia ya kukimbia."

"Akimbie na tumbo lile? Huyo hata kusimama anahema!"

Nafiza akaenda zake, na Zalena akabaki tutani akilia. Kriketi hachezi, madrasa haendi. Sura alizozihifadhi zilianza kumponyoka katikati. Chapati za roti na maboga ya mama yake, chakula alichokipenda kuliko vyote, alikila bila kujua alichokila. Kila baada ya sala alimwomba Mungu msamaha, na kila baada ya msamaha alirudi kusimama kushoto. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Aseme, baba apate hasara na yeye apate aibu. Anyamaze, mjane wa watu achinje mnyama asiyefaa. Alikuwa amefungwa kuliko kondoo mwenyewe.

Hanif naye siku hizo alikuwa hataki wageni. Majirani walipotaka kumwona kondoo, aliwazuia langoni. "Mwacheni apumzike," aliwaambia. Zalena alidhani ni bahati yake.

Alasiri ya kuamkia Idi, Bi Kariman alifika na ndoo na sabuni.

"Nimekuja kumwogesha mwenyewe," alisema. "Mgeni haendi safari mchafu."

"Nitamwogesha mimi!" Zalena aliruka.

"Wewe mshike kichwa tu."

Akaanza upande wa kulia, taratibu, akiimba kidogo. Kisha akainua ndoo azunguke. Zalena akamgeuza kondoo. Bi Kariman akazunguka tena, Zalena akageuza tena.

"Mbona tunacheza ngoma na kondoo?" kikongwe alicheka, maji yakimmwagikia miguuni.

Hanif alikohoa kwenye machela. "Bi Kariman, mvua inakuja. Acha tu, mtoto atamalizia."

"Sina haraka, Hanif." Bi Kariman alimgeukia Zalena, akamshika shavu kwa mkono wenye povu. "Mungu akubariki, mjukuu wangu. Sijamwona mtoto anayeshikilia amana ya mtu namna hii. Kesho nikimwombea mume wangu, nitakutaja na wewe katika dua."

Zalena aliweza kukwepa kila kitu, lakini dua ile hakuweza.

"Usinitaje!" alisema kwa kilio. "Ana chongo, Bi Kariman! Jicho la kushoto halioni. Nilimfunga kwenye seng'enge nikaenda kucheza. Baba hajui, baba hana kosa!"

Bi Kariman alizunguka, akapitisha kiganja mbele ya jicho lile. Halikupepesa. Hakumtazama mtoto. Alimtazama baba.

"Hanif, mtoto amesema lake. Wewe lako utalisema lini?"

Hanif alishuka kwenye machela. "Nilijua," alisema. "Tangu alipoanza kugonga nguzo. Nikamwona huyu anasimama kushoto, nikamwacha asimame. Nikajiambia, Bi Kariman ameshampenda, hatatazama."

Zalena aliduwaa. Siku zote zile walikuwa wawili wakimficha kondoo mmoja.

"Ukipenda, chongo utaita kengeza," alisema Bi Kariman. "Na kweli nimempenda. Lakini kesho si mimi wa kumkagua, Hanif, ni Mungu."

Hanif aliinamisha kichwa. Kisha akaenda kumfungua kondoo mdogo. "Mchukue huyu. Si mkubwa, lakini umri wake umetimia na mwili wake mzima. Lipa thamani yake, basi."

"Na ninyi mchinje nini?"

"Mwaka huu sisi hatuchinji. Utusamehe."

"Nimewasamehe," alisema Bi Kariman. Akamkagua kondoo mdogo kushoto na kulia, macho, meno na miguu, kisha akaondoka naye.

Mvua ilianza kweli, na juu yao mama alisikika akiweka sufuria penye matone. Hanif aliketi karibu na binti yake.

"Kosa la seng'enge ni lako. Kosa la kunyamaza ni langu zaidi, maana mimi ndiye mkubwa," alisema. "Mtume wetu alifundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kuweka kasoro wazi, biashara yao hubarikiwa. Wakificha, baraka yake hufutwa. Mimi nilidhani itafutwa baada ya kula zile fedha. Kumbe ilishaondoka humu ndani. Lini mara ya mwisho tulikula pamoja tukacheka?"

Zalena aliikumbuka roti aliyoila bila kuisikia ladha.

"Dhambi ndivyo ilivyo. Inakuachia chakula na kukunyima shibe. Inakuachia nyumba na kukunyima raha ya kukaa ndani yake."

"Lakini niliomba msamaha kila siku, baba."

"Hata mimi, mwanangu. Ila ukishika haki ya mtu, toba haitimii mpaka umrudishie mwenyewe. Leo umemrudishia yake, ukanitangulia mimi baba yako. Twende juu, mama yako ametenga chakula."