Chungwa Lililopaswa Kuelea

Kila Alhamisi, mwaka ule wa 2003, darasa la sita la shule ya Nkungu lilishuka kijitoni kupima kasi ya maji. Mwalimu Mukakalisa alinyoosha kamba ya mita kumi ukingoni, chungwa likaachwa lielee, na msichana Ikirezi akahesabu sekunde kwa saa ya kuazima. Mwenye saa alikuwa Mzee Mudathiru, fundi saa wa Kamembe, aliyeapa kwamba samaki wa Ziwa Kivu aliwahi kuimeza, ikakaa tumboni wiki mbili, ikatoka imechelewa sekunde moja tu.

"Maji yakikimbia vizuri, mawe hubaki safi," mwalimu alieleza. "Vidudu huishi chini yake, samaki wakawala. Maji yakilegea, tope hufunika nyumba yao."

Alhamisi hiyo kipimo kilikuwa na uzito. Wakulima walitaka kuchimba mfereji wa kuchukua nusu ya maji, na kesho yake mkutano ungeamua kwa hesabu ya watoto. Aliyeutamani zaidi mfereji huo ni Papa Damascène, babake Ikirezi. Tangu warudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, baada ya vita, kabichi zake za ukingoni ndizo zilikuwa shamba lake la kwanza.

Mwalimu alipokwenda kwa kundi jingine, Ikirezi aligeuka akamkuta Cyusa, mwenzake wa kundi, anatafuna.

"Cyusa, umekula kipimo."

"Nimekula nusu. Nusu ingine ni yako."

Ikirezi akaila. Kisha wakaachia majini gamba kavu la mgomba. Upepo ukalisukuma likaruka juu ya maji kama bata aliyefukuzwa. Sekunde nane. Walijua si kweli, maana chungwa halikuwahi kupungua sekunde ishirini, lakini wakaandika nane kwenye karatasi ya mkutano, wakaikunja.

Jioni, alipoisikia hesabu yao, Papa Damascène alicheka mpaka akakohoa. "Nane? Hayo maji iko na nguvu kama kamyo ya mizigo. Tutachimba." Ikirezi alikisukuma chakula chake kando.

Asubuhi, watu walikusanyika ukingoni. Mzee Gasana, mwenyekiti, alipofunua karatasi, Ikirezi alisimama.

"Mzee, hiyo nane ni ya upepo. Chungwa tulilila."

"Mimi ndiye nilianza," Cyusa alinong'ona.

Watu waliangua kicheko. Papa Damascène hakucheka. Alizitazama kabichi zake, kisha akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini.

"Leteni chungwa lingine. Na huyu Cyusa, muntu amushike mikono."

Aliliachia majini mwenyewe mara tatu, Ikirezi akihesabu sekunde. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ishirini na tano. Mwalimu akainua jiwe, vidudu vyembamba vikatawanyika. "Tukitoa nusu, hawa watazikwa na tope, na samaki watakwenda zao."

Mfereji mkubwa ukakataliwa. Walikubaliana uchimbwe mwembamba, wa kufunguliwa siku mbili kwa wiki. Siku zingine, kila mkulima na ndoo yake.

Njiani Ikirezi aliuliza, "Papa, umekasirika?"

"Nitabeba maji mpaka shingo iingie tumboni," alijibu. "Lakini sikiliza. Kula chungwa ni mambo ya batoto. Kuandika uongo ni kosa, kwa sababu kijito hakisomi karatasi; kingekauka tu, na kabichi zangu nazo. Ila kusimama mbele ya wazee, useme ukweli unaomnyima baba yako maji, hiyo mimi mwenyewe sijui kama ningeweza. Ukweli kama huo, binti yangu, uuseme kila siku."

Akamkabidhi ndoo ndogo, akachukua kubwa, wakarudi kijitoni pamoja.