Chumba Kilichosubiri Ukaguzi

Wanaonijua wanajua kwamba mimi si mtu wa kumeza kila linalosemwa sokoni. Nilizaliwa Muleba, nikaolewa hapa Nkwenda, na nashona nguo kwenye kibaraza changu. Nikiwa pale naona hadi uani kwa jirani yangu Theoneste bila kunyoosha shingo. Haya ninayosimulia sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mengi yake mchana kweupe, cherehani ikiwa mbele yangu.

Theoneste ni mkulima wa kahawa na migomba, mpole, na ana ugonjwa mmoja tu: anapenda karatasi yenye mhuri. Simlaumu. Wazazi wake walitoka Rwanda yeye akiwa mgongoni, na kila ulipopita msako wa vitambulisho, nyumba yao ndiyo iliyogongwa kwanza. Mtoto aliyekulia kwenye hofu hiyo hafanyi jambo nusunusu. Hata mbwa wake ana cheti cha chanjo.

Mwaka jana aliamua kuongeza chumba nyuma ya nyumba. Kilikuwa cha mama yake, Nyirabageni, ambaye alikuwa anaishi Bweranyange kwa mdogo wa Theoneste na alikuwa anazidi kudhoofika. Theoneste alishamwahidi kwamba atamalizia uzee wake hapa, kwenye chumba chake mwenyewe chenye dirisha linalotazama migomba. Alikizungumzia chumba kile kama kijana anayezungumzia harusi. Nadhani katika maisha yake hakuwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu namna ile.

Wengine wetu huku tukitaka chumba tunaita fundi, tunapanga tofali, basi. Theoneste alichorewa ramani. Alipima umbali kutoka mpaka wetu mara nyingi mpaka nikamuuliza kama anajenga au ananiposa. Alikwenda kwa mtendaji wa kata, akaenda halmashauri, akarudi na kibali cha ujenzi. Akakipiga lamineshi na kukitundika sebuleni, pembeni ya Bikira Maria. Watu walimcheka, nami nikacheka nao.

Fundi alikuwa Placidius, kijana wa hapahapa. Mkaguzi wa majengo alikuwa bwana mmoja wa Bukoba aitwaye Egbert, mtu wa adabu na viatu safi. Alikuja kukagua msingi, akaja tena kukagua lenta, ule mkanda wa zege juu ya mlango na dirisha. Siku hiyo ya lenta alimwambia Theoneste, "Chumba kikiisha, niite. Nikute mlango na dirisha vimeshawekwa. Asiingie mtu kuishi mpaka nikague mara ya mwisho na kusaini."

Theoneste aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea komunyo.

Sasa kuna jambo moja la huku kwetu. Uwe Mnyambo, uwe Mhaya, uwe mtu wa asili ya Rwanda, unajua habari ya kutaha nyumba. Siku mlango unapowekwa, kabla jua halijazama, mwenye nyumba anaingia na moto aliouchukua jiko la zamani. Anatandaza nyasi sakafuni, chakula kinapikwa, na usiku huo lazima mtu alale humo. Kama hujawa tayari, huweki mlango. Acha pabaki wazi, mbuzi waingie, upepo uingie, hakuna neno. Lakini ukishaweka mlango na kuufunga, umeshatangaza kwamba nyumba ina mwenyewe. Na mwenyewe asipoingia... Hapo wazee huwa hawamalizii.

Jioni ya siku mlango ulipowekwa, Umutesi, mke wa Theoneste, alitoka jikoni na kaa la moto juu ya kigae.

"Baba Mugisha, niingize moto tu. Sitakaa," alisema.

"Mkaguzi akikuta majivu atajua tumeshaingia."

"Basi Placidius autoe mlango."

"Amesema aukute umewekwa."

Umutesi alinitazama mimi niliyesimama kando yao. Nilimwambia Theoneste kwamba mkaguzi haji na pua ya mbwa, amwache mkewe atahe, majivu yatafagiliwa. Alitikisa kichwa. Alifunga kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Umutesi alibaki amesimama na kigae chake hadi kaa likazimika.

Kisha mvua kubwa ikaanza. Barabara zikakatika kila upande, na Egbert hakuja wiki hiyo wala iliyofuata. Chumba kikakaa kimefungwa, kizuri, kitupu.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, Theoneste alimpigia mama yake akiwa uani, simu akiwa ameiweka sauti kubwa kwa sababu mama alikuwa anaongea kwa shida. Niliyasikia yote.

"Mlango mmeshaweka?" mama aliuliza.

"Tumeweka, mama."

"Nani amelala?"

"Hakuna. Tunamsubiri mkaguzi."

Simu ilikwaruza, kama mama anaisogeza karibu na mdomo.

"Theoneste," alisema polepole, "kuna anayelala."

Kuanzia hapo ndipo tulipoanza kusikia. Au labda tulikuwa tunasikia tangu mwanzo, ila sasa tukawa tunasikiliza. Asubuhi, mtu alikuwa anafagia ndani ya chumba kile. Ufagio wa nyasi kwenye saruji, taratibu, kutoka ukutani kuja mlangoni. Umutesi aliniita nikaja kuweka sikio. Ufagio ulifika nyuma ya mlango ukasimama. Nilisikia mtu akihema, na kati yetu palikuwa na ubao tu.

Siku nyingine, adhuhuri, niliona moshi ukitoka chini ya bati la chumba kipya. Moshi mwembamba wa kuni, kama wa mtu anayechemsha ndizi. Niliacha cherehani nikakimbia. Theoneste alifungua kufuli. Ndani hapakuwa na moto wala jivu. Palikuwa na harufu ya ndizi zilizoiva jikoni na ya nyasi mbichi. Niliinama nikagusa saruji katikati ya chumba. Ilikuwa ya moto.

"Ni joto la bati," Theoneste alisema.

Nje kulikuwa kunanyesha.

Siku iliyofuata ufunguo ulifungua kufuli, lakini mlango haukufunguka. Ulikuwa umekazwa na komeo kwa ndani. Dirisha lina nondo, hata paka hapiti. Theoneste alimwita Placidius aje na tindo. Tulisimama wote wanne mbele ya ule mlango. Placidius alinyanyua nyundo. Hapo komeo likaanza kujivuta. Taratibu. Chuma juu ya chuma. Likafika mwisho. Mlango ukajiachia kidogo tu, upana wa kidole.

Placidius aliweka nyundo chini akaondoka, tindo akaliacha palepale.

Mimi ningeubomoa mlango ule siku hiyo hiyo, na nilimwambia hivyo. Theoneste alinijibu kwamba akiubomoa ukaguzi utaanza upya, na mama yake hana muda wa kungoja. Nilimkasirikia sana. Lakini nilipomtazama machoni hasira ikaisha, maana alikuwa anaogopa kuliko sisi sote.

Mvua ilipopungua, Egbert alifika. Ilikuwa asubuhi ya jua zuri. Tulikuwa barazani, Umutesi, Theoneste na mimi. Kufuli halikuwa limerudishwa tangu siku ile ya tindo. Egbert alisema anajua njia, akapita sebuleni peke yake na futi yake ya kupimia. Tulimsikia akigonga na kusema hodi. Tulimsikia akisema shikamoo. Umutesi alinishika mkono.

Alitoka, akaandika, akasaini, akampa Theoneste mkono wa pongezi.

"Kazi safi," alisema. "Ila mlinivunjia sharti. Mmeshamwingiza bibi. Kwa kuwa ni mzee nitafumba macho."

"Bibi gani?" Umutesi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Huyo aliyekaa pembeni, chini. Nimemsalimia, hakuitikia. Alikuwa ananitazama mdomoni tu."

Egbert alipanda pikipiki yake, akatupungia mkono, akaenda zake.

Umutesi alipiga magoti mbele ya mumewe, mwanamke mzima, mchana, mbele yangu. "Mama alale sebuleni. Alale kitandani kwetu. Nitalala chini mimi," alinong'ona. Theoneste alimwinua. Alimwambia kwamba sasa wameruhusiwa, watataha nyumba leo kama inavyotakiwa, na mama atakuwa salama. Nilimwelewa. Mtu ambaye maisha yake yote ameokolewa na karatasi, utamwambiaje kwamba hapa karatasi haisomwi?

Alikodi gari hadi Bweranyange, na alasiri akarudi na mama yake. Ndipo nilipoona ugonjwa ulivyomfanya. Upande wote wa kushoto ulikuwa umekufa, mguu na mkono. Alishushwa amebebwa. Umutesi alishatandaza nyasi, akaweka kitanda na kuingiza moto. Moto ulizimika. Akauingiza tena, ukazimika tena.

Pale mlangoni Nyirabageni alimshika mwanawe shati kwa mkono wa kulia, akamwambia asimame. Aliangalia kwenye kona ya chumba. Aliangalia kwa muda, kama mtu anayesikiliza maelezo.

"Anasema yeye ndiye aliyetaha," alisema.

"Nani, mama?"

"Hana jina. Ndiyo maana anataka langu."

Nilitaka kukimbia. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mama, chumba hiki ni chako. Nimekijenga kwa ajili yako," Theoneste alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Hakuna atakayekutoa."

Alimwingiza. Alimlaza kitandani. Vidole vya mama vilikuwa bado vimeshika shati, akavibandua kimoja kimoja kwa upole.

"Usifunge mlango," mama alisema.

"Sifungi. Nafuata mablanketi."

Alitoka. Mlango ukajifunga nyuma yake. Komeo likapita.

Theoneste aliupiga mlango kwa bega. Alipiga kwa miguu. Tulipiga wote. Ndani tulisikia sauti mbili zikiongea. Vikongwe wawili, taratibu, kama watu wanaokubaliana bei. Kisha sauti moja ikaanza kuomba. Kisha ikabaki moja. Sikuweza kujua ni ipi.

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguliwa kwa ndani, na Nyirabageni akatokea. Alikuwa amesimama. Kwa miguu yote miwili.

"Nina njaa," alisema, na akatabasamu. Mikono yote miwili aliiweka kichwani kwa mwanawe.

Watu walikuja kutoka kila upande kuona muujiza. Padri alikuja, akabariki. Theoneste alifurahi namna ambayo sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi. Mama yake sasa anamenya ndizi haraka kuliko mimi, anapalilia, anateka maji. Ana adabu, ana tabasamu. Ukimwita anaitika. Ila mtoto wake wa Bweranyange alipokuja kumsalimia, alimkaribisha vizuri sana na kumuuliza ametokea wapi. Na kile chumba hakitaki. Analala sebuleni. Anasema kule ndani kuna baridi.

Kabla ya Krismasi Theoneste alisema labda kikipakwa rangi mama atakipenda. Placidius alikataa, akatafutwa fundi mwingine kutoka mbali. Kuta zilipakwa nyeupe. Mlango, pande zote mbili, ukapakwa rangi ya mafuta ya bluu. Jioni Theoneste alifunga kufuli ili rangi ikauke.

Asubuhi Umutesi aliniita kupitia uani. Hakupaza sauti. Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na Theoneste amechuchumaa upande wa ndani, mgongo kwetu. Ile bluu ilikuwa imejaa alama za viganja. Vilikuwa vingi, vimepandana, vimepigwa na kuburuzwa kuelekea chini. Vyote vilikuwa chini chini, mahali anapofikia mtu aliyekaa sakafuni. Nilitafuta cha kushoto. Hakikuwepo. Ulikuwa mkono wa kulia tu.

Theoneste aliweka kiganja chake juu ya kimoja. Kilikuwa kidogo, cha mtu mzee. Alisogeza mdomo karibu na ubao.

"Mama," alinong'ona.

"Naam, mwanangu," alijibiwa.

Sauti ilitoka nje, uani, mahali yule bibi alipokuwa anamenya ndizi juani.

Theoneste hakugeuka. Aliondoa kiganja mlangoni. Kisha aliivuta ndoo ya rangi aliyoiacha fundi, akachovya brashi, akaanza kupaka upya.