Kompyuta ya Chama Iliganda Tena

Kila siku, kengele ya saa tisa ilipolia, wanachama wa Chama cha Kompyuta walikimbilia chumba kidogo kilicho kando ya maktaba. Mmoja alifagia, mwingine akafuta vumbi mezani kwa kitambaa kikavu, wa tatu akafungua madirisha. Lakini kazi ya kuwasha kompyuta ilikuwa ya mtu mmoja tu, naye ni mwenyekiti wa chama, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye shule nzima ilimwita Injinia.

Jina hilo hakulipata bure. Shangazi yake alikuwa fundi wa kompyuta, na tangu akiwa mdogo Injinia alishinda kwenye meza yake ya kazi akimpokeza bisibisi. Kwa hiyo shule ilipopata vipuri vya kompyuta mpya ya mezani, mwalimu wa kompyuta alisema wanafunzi wataiunganisha wenyewe, na Injinia ndiye atakayeongoza. Kompyuta hiyo ingetumika kuchapa jarida la shule, ambalo lilitakiwa kuwa tayari kabla ya siku ya wazazi.

Waliiunganisha kwa siku mbili. Siku ya pili mwalimu aliitwa ofisini, na wanachama wengine wakaenda kunywa maji. Injinia akabaki peke yake na vibao viwili vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita RAM. Ni vibao vyembamba, virefu kuliko kidole, vyenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Shangazi alishamwambia mara nyingi kwamba vibao hivyo havichezewi. Siku hiyo Injinia alikuwa amevimba kichwa. Alikirusha kimoja hewani na kukidaka, akakirusha tena juu zaidi. Mara ya tatu kikamponyoka, kikagonga pembe ya meza na kuangukia sakafu ya saruji.

Akakiokota. Kona moja ilikuwa imechubuka. Akatupa jicho mlangoni, akakifuta kwa sketi, kisha akakikandamiza mahali pake mpaka kikalia "ka!" Wenzake waliporudi walimkuta anapiga mluzi.

Kompyuta iliwaka. Watoto wakashangilia, mwalimu akampa mkono Injinia mbele ya watu wote.

Siku ya tatu ikaganda. Mshale kwenye skrini ulisimama tuli, kibodi ikakataa, feni peke yake ikaendelea kuvuma. Ikabidi waizime na kuiwasha upya, na makala yote ambayo hayakuwa yamehifadhiwa yakapotea. Kesho yake iliganda mara mbili. Keshokutwa yake haikuganda kabisa, wakadhani imepona. Siku iliyofuata iliganda mara nne. Haikuwa na saa wala sababu.

"Injinia," mwalimu alisema, huku akijikuna kidevu, "una hakika tulifunga kila kitu sawasawa?"

Macho yote yakamgeukia. Injinia alijua fika pa kuanzia kutafuta, na ndiyo maana hakutaka mtu atafute. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa msichana aliyehamia shuleni muhula huo, ambaye walimwita Mgeni. Mama yake Mgeni alikuwa mpiga chapa, na Mgeni mwenyewe alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi. Makala mengi alipewa yeye, kwa hiyo yeye ndiye aliyekaa pale kuliko wote.

"Kufunga tulifunga vizuri," Injinia alisema. "Lakini hamjaona? Inaganda akikaa huyu. Ana mkosi."

Watoto wakacheka. Mgeni naye akacheka kidogo, akidhani ni utani.

Haukuwa utani kwa muda mrefu. Kufikia mwisho wa wiki hakuna aliyemwita Mgeni tena. Aliitwa Mkosi. Alipoinuka kitini, mtu alikifuta kile kiti kwa kitambaa. Alipopita katikati ya madawati, walibana pumzi mpaka apite, kisha wakahema kwa kishindo na kuangua kicheko. Alipoazima rula, mwenye rula alimwambia, "Baki nayo tu." Hata wasio wanachama waliupokea mchezo huo, maana ulikuwa rahisi na haukuwaumiza wao.

Kompyuta ilipomeza makala ya mwalimu mkuu, mwalimu wa kompyuta alichoka. "Hebu wewe kaa nje siku mbili, tuone," alimwambia Mgeni bila kumtazama usoni.

Mgeni akakaa nje. Na kwa siku hizo mbili, kompyuta haikuganda hata mara moja.

Basi ikawa imethibitika. Mtoto mmoja alichukua chaki akachora mstari sakafuni, hatua tatu kutoka mezani, na Mgeni akakatazwa kuuvuka. Siku ya tatu kompyuta iliganda tena, Mgeni akiwa nyuma ya mstari. Walisema amepumulia upande wa meza. Injinia alikuwepo na kuyasikia hayo yote. Alipiga kimya, na mara nyingine alicheka pamoja nao ili asionekane amenuna.

Wiki mbili baadaye, mama mmoja aliingia ofisi ya walimu akiwa na mtoto mchanga mgongoni na daftari mkononi. Alikuwa mama yake Mgeni. Injinia alikuwa ofisini humo, amefuata kitabu cha mahudhurio.

"Mwalimu, shikamoo sitakuamkia, maana wewe ni sawa na mdogo wangu," yule mama alimwambia mwalimu wa kompyuta. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Ni mashine gani hiyo mliyonayo hapa?"

"Kuna nini, mama?"

"Huyu mgongoni ana miezi mitatu. Dada yake ndiye alikuwa akimbembeleza nikipika. Wiki nzima hii hamgusi. Jana nimempa ampakate, akaficha mikono nyuma, akalia akitetemeka. Ananiambia, 'Mama, nikimshika atakufa.'" Akaliweka daftari mezani. "Hili nimelikuta chini ya godoro lake. Soma mwenyewe."

Mwalimu akalifungua. Kurasa za nyuma zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula. Mgeni aliandika kila mara kompyuta ilipoganda: tarehe, saa, nani alikuwa amekaa, na yeye mwenyewe alikuwa wapi. Mistari arobaini na moja. Chini ya mstari wa mwisho aliandika, "Leo mtoto amelia nilipombeba. Sitambeba tena."

Mwalimu akainamisha kichwa. Injinia alikuwa na nafasi ya kusema. Akakikumbatia kitabu cha mahudhurio, akatoka zake.

Jioni hiyohiyo mwalimu alimpigia simu shangazi yake Injinia, na kesho yake shangazi akaja na mkoba wa vifaa. Kabla ya kugusa bisibisi alilisoma lile daftari, mstari kwa mstari.

"Nani ameandika haya?"

"Mkosi," mtoto mmoja akajibu.

"Sikuuliza tusi, nimeuliza mtu. Mwiteni."

Mgeni akaja, akasimama mbali. Shangazi akamwambia asogee. "Siruhusiwi kuvuka mstari," Mgeni alisema. Shangazi akautazama ule mstari wa chaki, akamtazama mwalimu, kisha akaufuta kwa soli ya kiatu polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Sikilizeni," alisema. "Mara arobaini na moja. Mara kumi na tisa binti huyu hakuwa kwenye kiti hiki, nyingine hata chumbani hakuwemo. Zilizobaki alikuwa amekaa hapa. Lakini humu ndani nani alikuwa akichapa kutwa? Ni yeye. Anayekaa sana ndiye atakayegandiwa sana, hata angekuwa mwalimu mkuu. Hili halihitaji fundi. Lilihitaji mtu wa kuhesabu, na aliyehesabu ni yeye peke yake."

Hakuna aliyecheka.

Akaanza kazi. Alifungua ubavu wa kompyuta, akaiacha ifanye kazi na kupima joto. Feni ilizunguka vizuri, joto halikuwa kali. Akabadilisha pawasaplai, yaani lile boksi linalogawa umeme ndani, akaweka nyingine kutoka mkobani. Baada ya nusu saa kompyuta ikaganda. Akarudisha ile ya kwanza. "Joto tumeliondoa kwenye orodha, umeme tumeuondoa. Tunabadilisha kitu kimoja kimoja, tusije tukajidanganya." Akachomoa kibao kimoja cha kumbukumbu, akaacha kimoja. Mgeni akakaa kuchapa. Alichapa mpaka jua likaanza kushuka, na kompyuta haikutikisika.

Kesho yake saa tisa akabadilisha vibao, akachomeka kile alichokitoa jana kwenye tundu lilelile. Haikufika dakika ishirini. Mshale ukasimama.

Shangazi akakichomoa kile kibao, akakipeleka dirishani. "Haya, oneni kona hii. Imechubuka. Hiki kimeanguka, tena kwa nguvu." Akatikisa kichwa. "Yule muuzaji wa vipuri! Amekiangusha dukani akanyamaza. Ngoja nimpigie. Leo atanitambua."

Akatoa simu. Hata mtu mmoja hakumtazama Injinia. Njia ilikuwa nyeupe. Lakini daftari lilikuwa wazi mezani mbele yake, kwenye ukurasa ule wa mwisho, na Mgeni alikuwa amesimama kando yake, bado amebana mikono kifuani ili asimguse mtu.

"Shangazi, usipige," Injinia alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nakirusha hewani. Kilianguka, nikakifuta nikakifunga."

Mgeni akageuka.

"Ulijua?" aliuliza. "Tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Waliponibania pumzi, ulijua?"

"Nilijua."

"Na mama alipokuja?"

Injinia akaitikia kwa kichwa. Mgeni akalifunga daftari lake, akaliweka mkobani, akatoka. Hakulia wala hakumtukana.

Mtoto aliyechora mstari akachukua kitambaa, akaanza kukifuta kiti cha Injinia. "Kumbe mkosi ni wewe!" alisema, na wengine wakaanza kucheka.

Shangazi akapiga meza kwa kiganja. "Weka hicho kitambaa chini! Hamjashiba? Juzi mmemtafuna mwingine, leo mnataka kumtafuna huyu?" Kisha akasema taratibu, "Na wewe mwalimu, walikuwa wanakutazama wewe."

"Ni kweli," mwalimu alijibu. "Nilimtoa nje mtoto kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kesho nitalisema hilo kwenye mstari wa asubuhi, mbele ya shule nzima, na nitamwomba radhi kwa jina lake halisi."

Siku hiyohiyo shangazi alimshika Injinia mkono mpaka kwao Mgeni. Mama mtu alisimama mlangoni, hakuwakaribisha ndani. Injinia akaeleza huku machozi yakimtiririka.

"Futa machozi, useme kwa sauti," mama alimwambia. "Mimi nimeshasikia. Aliye ndani ndiye asikie."

Injinia akasema kwa sauti, "Huna mkosi. Ni mimi niliyekiangusha kibao."

"Mashine yenu imepona kwa siku mbili," mama alisema. "Wangu sijui atachukua ngapi. Utakuja kila jioni kulisema hilo, mpaka aamini."

Injinia akaenda kila jioni. Uenyekiti alinyang'anywa, na jarida likatoka bila jina lake, na hakulalamika. Kuna siku mlango haukufunguliwa, akauambia mlango. Jioni ya kumi na moja, alipofika na shangazi yake, alimkuta Mgeni ameketi barazani, mdogo wake amelala mapajani mwake. Injinia alisema maneno yake yaleyale. Mgeni hakuinua kichwa.

"Nimesikia," alisema. "Usije tena."

Njiani Injinia alilia kwa kwikwi. Shangazi alimwacha alie kwanza.

"Hatanisamehe, shangazi?"

"Sijui. Hilo ni lake, huwezi kumlazimisha." Wakatembea kidogo. "Kibao kuanguka ni ajali, hata mimi nimeangusha vingi. Ungeniambia siku ile, ningekugombeza, nikakupa kingine, tukamaliza kabla ya kurudi nyumbani. Kingine kimepatikana, kompyuta inachapa. Lakini siku alizokataa kumshika mdogo wake, nani atamrudishia? Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo, na likiwa bado lako peke yako."