Mama Zita Achagua Vitabu

Mektrida alikata majani ya ng'ombe, akayafunga, kisha akayasahau palepale kihambani, kwenye shamba lao la migomba. Alifika nyumbani mikono mitupu. Ng'ombe alikuwa akilia njaa. Akageuka kuyafuata.

"Mama, leo una nini?" aliuliza Zita, binti yake wa darasa la tatu.

"Sina kitu."

Alikuwa nacho. Jumapili hiyo, baada ya ibada, wazazi wa shule yao huko Uru walimteua aende na Mwalimu Godlove kuchagua vitabu vya darasa la tatu, vya hadithi na vya historia. Mektrida alijifunza kusoma ukubwani, miaka miwili tu iliyopita. Bado alisoma kwa kufuatisha kidole. Mtu kama yeye achague vitabu?

Jumatatu walishuka Moshi mpaka maktaba. Mfanyakazi wa hapo, dada aitwaye Juliana, aliwapangia vitabu mezani. Mektrida aliogopa kuvifungua. Akaonyesha vinene vyenye majalada ya kung'aa.

"Tuchukue hivi. Vinapendeza."

"Umeangalia ndani, mama?"

Uso ulimwaka moto. "Mimi nasoma polepole, dada."

"Watoto nao husoma polepole," Juliana alisema. "Kwa hiyo wewe utajua upesi kitabu kinachomchosha mtu. Fungua katikati, mtoto asome ukurasa mmoja. Kila neno linalomshinda, akunje kidole. Vidole vikifika vitano, hicho ni kigumu kwake. Asomewe na mtu mzima."

"Na vya historia?"

"Tazama nani ameandika, na amejuaje hayo anayoyasema. Basi azimeni hivi vitano, vinene na vidogo, mkavijaribu kwa watoto. Mkiona vinafaa, ndipo mkanunue dukani."

Jioni ile Zita alianza na kinene. Hakufika nusu ya ukurasa, vidole vitano vimekunjwa. Akapiga miayo. Akachukua kidogo, cha mbuzi aliyeingia kanisani watu wakiimba. Alicheka mpaka akakohoa. Akakisoma tena, kisha akamwita Dainess, binti wa jirani, amsomee na yeye.

Kilibaki cha historia. Kilikuwa na picha nzuri. Zita alisoma kwa sauti: "Zamani watu wa mlimani walingoja mvua tu. Wageni ndio waliowafundisha kuchimba mifereji."

Akainua macho. "Mama, hata mfongo wetu ulichimbwa na wageni?"

Mfongo, mfereji unaoleta maji vihambani, ulipita upande wa chini wa nyumba yao. Ulichimbwa na babu za mume wake, zamani sana, kabla mgeni yeyote hajafika. Kila mtu kijijini alijua hivyo. Lakini kitabu kilisema vingine. Mektrida alisimama, akakaa, akasimama tena. Nani abishane na kitabu?

Asubuhi alishuka tena Moshi, peke yake, sketi imejaa matope. Juliana alisoma ukurasa ule, akatikisa kichwa. Akaleta kitabu kingine. Ndani yake mlikuwa na maneno ya wazee, kila mmoja kwa jina lake, na ramani ya zamani inayoonyesha mifongo.

"Kitabu huandikwa na mtu, mama, na mtu hukosea. Viwili visipokubaliana, uliza kipi kina ushahidi. Waulizeni na wenyeji." Mektrida akakiazima hicho pia.

Alhamisi kamati ya shule ilikaa. Mzee Aminieli, mwenyekiti, wa ukoo wa mume wake Mektrida, alivipima vitabu kwa mkono.

"Hivi vinene ndivyo vyenye elimu. Hivi vidogo ni vya kuchezea."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Mwalimu Godlove alimtazama Mektrida. Mektrida akasimama.

"Shikamoo, mzee. Naomba niwasomee kidogo."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisoma. Alifungua kile cha historia chenye picha nzuri. Kidole kilifuatisha mistari. Neno moja lilimkwaza. Akarudi nyuma, akalivuka. Alipofika pale pa wageni na mifereji, Mzee Aminieli aligonga meza.

"Uongo huo! Mfongo ulichimbwa na ukoo wetu!"

"Ndivyo, mzee. Wewe unajua. Lakini mtoto akikisoma darasani, wewe hutakuwepo kumwambia."

Mzee akashusha pumzi.

"Haya. Soma hicho kingine."

Siku ile walikubaliana. Walinunua vitabu vidogo ambavyo watoto wenyewe walivijaribu, vigumu vichache vya kusomewa na mwalimu, na kile cha historia chenye ushahidi. Wiki iliyofuata, darasa la tatu lilikwenda kwenye mfongo na madaftari. Mzee Aminieli aliwasubiri amevaa koti lake la kanisani. Maswali yao yalimtoa jasho.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mwalimu Godlove alimwita Mektrida shuleni. Alipanda mbio, akijiuliza amekosea wapi. Mwalimu akamfungulia sanduku la vitabu. Majalada yalikuwa yamekunjika. Kurasa zilijaa alama za vidole. Cha mbuzi kilikuwa kimeachana vipande viwili.

"Tazama, Mama Zita. Wanavigombea kila siku. Vimechakaa vyote."

Mektrida alikiokota kile kilichochanika. Akaketi kwenye dawati la mtoto, akatabasamu.

"Nipe gundi, mwalimu."