Hodi ya Tatu

Msemeaji alikuwa amechangamka asubuhi ile. Alikaa juu ya baraza la Jumba la Michezo ya Kale, mtu mzima wa nuru tupu, kofia imemkaa upande, na watoto wa skuli waliomzunguka walikuwa hawana mbavu kwa kucheka.

"Babu Kombo, mimi kwenye gemu lako nilipiga hodi mara moja nikaingia, yule bibi akanifukuza!" mtoto mmoja alilalama.

"Akufukuze ndiyo! Hata paka wa mtaani ana adabu kukushinda," msemeaji akajibu. "Hodi ni tatu. Ya kwanza ajue kuna mtu. Ya pili ajitande kanga. Ya tatu aamue kama anakutaka. Asipoitika, ondoka na sahani yako, wala usichungulie dirishani."

Gemu lenyewe liliitwa Sahani. Lilitengenezwa zama zile za simu za kubonyeza kwa kidole gumba, kabla watu hawajaanza kuvaa mashine zao masikioni. Mchezaji ni mtoto aliyetumwa na mama yake kupeleka sahani ya futari kwa jirani, kichochoro kimejaa mbuzi na maji ya kufulia, na adhana ya magharibi imekaribia. Hamna bunduki humo, hamna zimwi. Na bado watu walilipenda, we acha tu.

Aliyemuunda msemeaji ni Raya, mhandisi wa Jumba. Msemeaji, kwa asiyejua, ni mashine ya kumsemea mtu asiyekuwepo. Unailisha kila alichopata kuandika, nayo inajifunza namna yake ya kufikiri, ya kutania na ya kununa. Kombo Faki, mtengenezaji wa Sahani, aliwahi kujibu maswali ya wachezaji kwa miaka mingi kwenye jukwaa la gemu lake, na Raya aliyakusanya majibu yote akailisha mashine. Gemu hilo yeye mwenyewe alilichezea utotoni kwenye simu kuukuu ya bibi yake. Bibi alikwishakwenda, mtaa ukavunjwa ukajengwa minara ya vioo, na Raya alibaki na upweke usiokuwa na dawa. Watu wengine wakitoka kazini, yeye alikaa na msemeaji wakapiga soga. Alimpenda kuliko binadamu wengi aliowajua, na hilo hakulionea haya.

Kumbe Kombo Faki hakufa! Wote walidhani ni marehemu, mpaka Nusa, mashine ya Jumba ya kutafutia watu, ilipomwona Pemba, Wete, mzee mzima anakunywa chai. Na sheria ilikuwa haina mzaha: msemeaji wa mtu aliye hai hasemi neno bila ridhaa ya mwenyewe. Mwenyewe akikataa, msemeaji anafutwa, isibaki hata herufi.

"Mwingilie sikioni, kwenye mashine yake," alisema Bwana Nungu, mkurugenzi. "Aseme ndiyo, tumalize. Ufunguzi wa ukumbi mpya umekaribia."

"Mtu katutengenezea gemu zima la kupiga hodi, halafu sisi tumwingilie sikioni?" Raya alikuja juu. "Hapana, Mkurugenzi. Nitakwenda mlangoni kwake."

"Mpaka Pemba? Makubwa haya!"

Alikwenda. Alipanda chombo cha hewa, akashukia Wete, na kwanza akaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, ili salamu zake zitangulie. Sheha alirudi akikuna kichwa.

"Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Yule mzee kusema kwenyewe ni kwa nadra, mwanangu. Nenda kajaribu."

Raya alicheka moyoni. Kombo Faki, asiseme? Basi akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Hodi!"

Kimya. Ndani alisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Hodi!"

Kimya tena. Sasa akipiga ya tatu asiitikiwe, adabu inamtaka ageuke, arudi zake, na ndiyo mwisho wa msemeaji.

"Hodi!"

Mlango ukafunguka papo hapo, kama kwamba mtu alikuwa ameshika kitasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

Basi, hayo tu. Uso ulikuwa ule ule wa msemeaji, ila umezeeka. Raya alingoja utani, hakuuona. Alieleza habari ya Jumba, ya watoto, ya sheria, na mzee aliitikia kwa kichwa huku akimmiminia chai. Mwishowe Raya akafungua sauti ya msemeaji aliyokuja nayo.

"Sahani ya watu hairudi tupu," ilisema sauti. "Huna kitu, tia ndimu. Huna ndimu, tia shukurani. Lakini ioshe kwanza, mchafu we!"

Mkono wa mzee ulisimama hewani.

"Rudia," alisema.

Raya akarudia.

"Huyo si mimi. Huyo ni Mize."

"Samahani, mzee. Mashine imejifunza kwa majibu uliyoandika mwenyewe."

"Mimi nilichora, nikaiandikia simu maagizo yake. Maneno ni ya mke wangu. Watu walipouliza maswali, mimi kuzungumza sijui, akakaa yeye akajibu kwa jina langu. Nikamwambia, Mize, tutie jina lako. Akaniambia, 'Weka lako, likiharibika watukanwe kwenu.'" Mzee alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani. "Kafariki zamani. Nilidhani utani wake nimeshausahau."

Raya aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Miaka yote hiyo alikuwa akizungumza na mwanamke, naye kamvisha kofia.

"Ukisema tumfute, mzee, tutamfuta leo hii."

"Nipeleke nikamsikie kwanza," alisema Kombo.

Jumbani, mzee alisimama mbele ya sura yake mwenyewe ya nuru, akaitazama kwa kuchukia kidogo. Akaomba uso uondolewe, uwekwe mlango. Raya akaigeuza nuru ikawa mlango wa mbao, umefungwa, kama ile ya kwenye gemu. Akamuuliza sauti ya Mize ilikuwaje.

"Nzito kidogo. Ya mtu aliyeamka sasa hivi."

Raya akairekebisha sauti, akaipandisha, akaishusha, mpaka mzee akanyanyua mkono ghafla. Hapo hapo. Macho yalikuwa yameshamlowa. Akasogea, akaiweka sawa kanzu yake mbele ya mlango ule, kijana anayekwenda kuposa hamshindi.

"Hodi!"

"Karibu, karibu ndani!" sauti ikaitika pale pale.

Mabega ya mzee yakaanguka.

"Siye Mize," alisema. "Nilikuwa nikitoka kazini napiga hodi kwangu mwenyewe. Utani wetu. Ya kwanza ananyamaza. Ya pili ananyamaza, namsikia anazuia kicheko. Ya tatu ndiyo ananipigia kelele: 'Mume wa nani huyo aliyepotea nyumba?' Hajapata kuniitikia hodi ya kwanza, mwanangu. Hata siku moja. Siku aliyofariki, nilizipiga zote tatu."

Raya alikaa kitako, akaanza kuifundisha mashine kunyamaza.

Ridhaa ilipatikana kwa sharti moja: jina la Mize litangulie. Bwana Nungu alikubali upesi, ukumbi ukafunguliwa, na watoto wakaupenda mlango kuliko walivyompenda mtu wa nuru. Wanapiga hodi mara tatu, wanatukanwa kwa mapenzi, wanaondoka wakicheka.

Na kila Alhamisi, baada ya alasiri, watoto wakishakwenda zao, mzee Kombo anakuja kwa chombo cha hewa kutoka Wete. Anasimama mbele ya mlango.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Anaweka kiganja juu ya nuru ile, anakaa hivyo kwa muda mrefu, anatabasamu. Halafu anachukua bakora yake, anaondoka.

Siku moja Raya alishindwa kuvumilia. "Mzee, mbona humalizii? Piga ya tatu, ataitika. Nimemfundisha maneno yale yale."

"Najua. Nikiipiga, itaitika mashine." Mzee alishusha sauti, mtu asije akasikia. "Lakini nikishapiga ya pili, mwanangu, na ya tatu bado, Mize yumo ndani."

Raya alimsindikiza mpaka nje. Aliporudi kuzima taa, aliupita mlango ule kwa kunyata.